Fundi na Plau Iliyogoma Kupanda

Siku niliyomwona kwanza alikuwa ametoka chini ya trekta ya watu, oili imemjaa mpaka kwenye nyusi, pampu nzima ameifungua na kuipanga juu ya gunia. Aliitazama, akaipapasa, akaitazama tena. Kisha akasimama katikati ya gereji, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Nimekosea. Pampu ni mzima. Tuanze tena." Mwenye trekta akashika kichwa. Mafundi wengine wakageuza nyuso pembeni, kana kwamba mzee wa watu amevuliwa nguo mbele yao.

Ukiijua Kisenyi, mtaa wa magereji wa Kampala, utaelewa kwa nini. Kisenyi fundi hakosei. Fundi anauziwa spea feki, analetewa oili mbovu, anapewa gari lililorogwa, lakini kukosea, thubutu. Mimi nilikuwa nimefika na trekta yangu ikivutwa na lori, nimeshaambiwa na mafundi wawili kwamba imekufa. Nikajiambia, huyu ama ana kichaa, ama ndiye ninayemtafuta.

Tulimwita Fundi, basi. Mtaa ule umejaa mafundi kama siafu, wa injini, wa breki, wa rangi, wa kuchomelea, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, hata mama Mkongomani aliyeuza mipira na ringi kwenye kona alijua ni nani. Kwao ni wapi na baba yake ni nani, sikuuliza, naye hakutaka kujua ya kwetu Bungoma. Alichotaka kujua ni trekta yangu ililima nini mara ya mwisho.

Na hapo ndipo utaratibu wake wote ulipoanzia. Ukifika ukamwambia pampu imekufa, anakukata, kama alivyonikata mimi akiniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda. "Wewe nyabo, hapana niambie ugonjwa. Niambie kazi." Alitaka umsimulie siku ya mwisho trekta ilipofanya kazi vizuri: udongo ulikuwaje, mvua ilikuwa imenyesha, nani alikuwa kwenye usukani, mlitia oili gani, mliitoa wapi. Watu walichoka. Wengine walidhani anawapeleleza. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na wenye matrekta ni watu wa kuficha, asikuambie mtu. Hakuna atakayekubali kwamba dereva wake alivuka mto na trekta mpaka maji yakaingia tumboni. Fundi alichovya kidole kwenye oili, akakiinua juani, na ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa alikuonyesha tu hicho kidole. Hapo ungekumbuka mto.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alikuwa ametengeneza magari ya jeshi ujanani, akatoka huko na Kiswahili cha amri, kisicho na adabu ya Pwani wala ya kwetu Kenya. Ra na la kwake zilikuwa kitu kimoja. Mwanzoni nilijifanya mwalimu nikawa namsahihisha, akaniambia trekta haijawahi kulalamika. Nikaacha, nikasikiliza vizuri zaidi.

Niseme shida yangu sasa, maana ndiyo iliyonifunga kwake. Mume wangu alipofariki aliniacha Kampala na trekta moja kuukuu, ya zile ambazo giabox, tumbo la nyuma na haidroliki inayonyanyua plau vyote vinakunywa oili moja. Nilikuwa nikilimia watu pande za Wakiso na Mukono, na mahindi yakivunwa nafunga nyuma mashine ya kupukuchua. Mashine hiyo inazungushwa na shafti inayotoka mgongoni mwa trekta, ile mafundi wanaita PTO. Sikuwa na shamba, sikuwa na duka, sikuwa na kazi nyingine. Trekta ikilala, mimi nami nimelala.

Basi ikaanza kulala. Plau ilikuwa ikipanda hadi nusu, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, halafu inagoma. Mikono ya kunyanyulia ikiwa mitupu ilipanda vizuri tu. Na mashine ya kupukuchua ilizunguka sawasawa ikiwa tupu, ukimwaga mahindi inashusha pumzi, inasimama, na injini bado inanguruma kama kwamba hayaihusu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliposikia alikuja kutoka Bungoma. Alikuwa na neno moja, kutulia. Nirudi nyumbani nikatulie. Trekta iuzwe vyuma chakavu, nami nikatulie jikoni kwa mama mkwe. Alilisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Mtu akikugombeza unaweza kumjibu.

Nilimwambia Fundi haya yote kwa sababu alikuwa ameniuliza kazi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Alisikiliza huku akikwaruza kutu kwa kucha. Kisha akasema sheria yake, ambayo baadaye nilikuja kuisikia mpaka nikaiota: kitu kimoja, jaribu. Kingine, jaribu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na trekta ikapona, hujui dawa ni ipi, na siku ugonjwa ukirudi unaanza upya kama mtoto. Mafundi wengine walibadilisha chochote walichokiona, trekta ikiwaka wakachukua sifa. Yeye alisema hao si mafundi, hao ni watu wa bahati.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha kutosha kugawia mtaa mzima. Ukimsifu, alikaa kimya makusudi ili uendelee. Ukimsifu fundi mwingine mbele yake, alikumbuka ghafla spana aliyoiacha mbali. Trekta aliivumilia siku nzima, lakini chai ikichelewa kidogo alimsema mama wa chai mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Bolti ikikatika aliitukana kwa Kiganda, matusi marefu yenye ukoo mzima, halafu papo hapo akaomba msamaha kwa Mungu, akachukua spana na kuendelea. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe juu ya overoli chafu, akaenda kusali msikiti wa Kibuli kwa miguu. Kwa miguu, jamani, na bodaboda zimejaa kila pembe. Mtu aliyekuwa akilala chini ya tani za chuma zilizosimama juu ya gogo, pikipiki aliiogopa kama nyoka. Nilimcheka. Akanijibu kwamba gogo analijua, dereva wa boda hamjui.

Jambo moja lilinifanya nimpende. Siku moja mfanyabiashara mmoja alileta trekta kutoka mbali, imebebwa juu ya lori, nyuma imekufa kabisa, hainyanyui hata mikono yake mitupu. Kwenye matrekta haya ya zamani pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti ileile ya PTO. Kuna kiwiko kidogo cha chuma karibu na kiti, cha kusukuma kwa mkono, na kikiwa hakijasukumwa ndani, PTO haizunguki na pampu nayo haizunguki. Fundi alitazama, akapitisha mkono, akakisukuma kile kiwiko, na mikono ikapanda. Gereji nzima ilianguka kwa kicheko. Bwana wa watu alibaki ameduwaa, amesafirisha trekta nzima kwa sababu ya kiwiko. Fundi hakucheka hata kidogo. Alipanda juu ya tairi akawaambia wote kwamba kosa hilihili aliwahi kulifanya yeye, tena kambini, tena mbele ya mkubwa wake, na alikuwa ameshafungua pampu. Kicheko kikamgeukia yeye, na mwenye trekta akapata nafasi ya kupumua. Sina hakika hata leo kama hadithi ile ilikuwa ya kweli.

Kwa trekta yangu alianza na oili. Tukamwaga ya zamani, tukatia mpya, tukafunga plau, tukajaribu. Ikapanda nusu, ikatetemeka. "Nimekosea." Akafungua filta iliyo tumboni, ikatoka na tope zito kama uji wa wimbi. Mimi nikapiga vigelegele, nikijua ndiyo hiyo. Tukaosha, tukarudisha, tukajaribu. Nusu tena, na kutetemeka kulekule. "Nimekosea." Alilisema kwa sauti ileile, bila kuona haya, nami nilianza kulichukia hilo neno. Nilitaka fundi mwongo kidogo, wa kunifariji.

Alikaa juu ya ndoo, akafikiri kwa mdomo kama kawaida yake. Alisema hapa kuna magonjwa mawili. Mashine ya mahindi kusimama, hiyo ni klachi. Trekta hizi klachi yake ina sahani mbili, moja ya magurudumu na nyingine ya PTO, na ile ya PTO inateleza ikibebeshwa mzigo. Dawa yake ni bolti tatu zilizo ndani, zinafikiwa kupitia kidirisha kidogo chini ya tumbo, zilegezwe kidogo zipewe nafasi sawasawa. Lakini plau kugoma, hiyo ni kitu kingine. Chini ya kibati karibu na kiti kuna bomba dogo linalopandisha oili, na lina ringi ya mpira. Ringi ikichoka, nguvu inavuja ndani kwa ndani na hakuna anayeiona. Tutaanza na ringi, alisema, tujaribu. Klachi ni kesho.

Kesho hiyo haikungoja. Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi na ringi mpya kutoka kwa mama Mkongomani pale shemeji alipoingia gerejini na mnunuzi wa vyuma chakavu, nyuma yao lori na vijana wenye mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Alinisalimia vizuri. Aliuliza hali ya afya yangu. Akasema, "Shemeji, tumejaribu vya kutosha. Hakuna atakayesema hukujaribu." Wale vijana walikuwa wameshaanza kupima kwa macho pa kukatia.

Nikasimama mbele ya tairi, nikalishika kwa mikono miwili. Fundi hakumwangalia hata shemeji. Aliutazama tu mnara wa msikiti, akasema wampe mpaka alasiri. Mnunuzi akapiga mluzi, shemeji akatazama saa, wakakubali. Ndipo Fundi akanigeukia na kuniamuru niingie chini ya trekta kwenye kile kidirisha, mkono wangu ni mdogo, nizipe zile bolti nafasi. Akanipa kipande cha bati alichokikata mwenyewe cha kupimia, kiingie kwa kubanwa kidogo, zote tatu sawa. Yeye akapanda juu kwenye ringi. Nilitaka kumkumbusha sheria yake, lakini sura aliyokuwa nayo haikuwa ya kukumbushwa.

Nikalala chali kwenye mchanga wa oili. Sikuona kitu, niliona kwa vidole tu. Bolti ya kwanza haikuwa na nafasi kabisa, bati halikupita, na nilipoilegeza nati kidole kikachubuka. Ya pili hivyohivyo. Juu yangu nilisikia sauti ya shemeji ikiongea na mtu kuhusu usafiri wa Bungoma, na kila aliposema neno mimi nikazungusha spana. Nilipima ya tatu, nikarudi ya kwanza, nikapima tena zote, maana sikuwa na kazi nyingine duniani zaidi ya zile bolti tatu. Nilikuwa nimeapa kwamba nikitoka pale trekta itanyanyua au wanikate pamoja nayo.

Ilinyanyua. Plau ilipanda bila kutetemeka, ikafika juu, ikakaa. Tukafunga mashine, tukamwaga mahindi, ikayatafuna kama ng'ombe aliyefunguliwa. Mnunuzi wa vyuma akaondoka na vijana wake. Shemeji alibaki kidogo, akanipa mkono, akasema basi, Mungu akubariki, na hakunirudia tena na habari ya kutulia. Mimi nilicheza pale gerejini mpaka kitenge kikafunguka. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, akiigeuzageuza ile ringi ya zamani kati ya vidole. Haikuwa imekatika. Ilikuwa imebonyea tu kidogo. Akaitia kwenye mkebe wa rangi ya viatu, akautia mfukoni, nami nikadhani kutofurahi kwake ni uchovu tu.

Kuanzia hapo trekta haikulala. Nililima misimu na misimu, watoto wakasoma, na popote nilipokwenda niliimba jina la Fundi. Nilimletea wateja mpaka kutoka kwetu Bungoma. Ajabu ni kwamba yule mpenda sifa, nikianza kusimulia habari ya plau yangu, aliinuka akatafuta spana. Nilidhani ni unyenyekevu wa uzeeni. Unyenyekevu, yeye!

Mwaka huu mvua za kwanza zilipoanza, alikuja kwangu Lubaga. Ninapanga nyumba mteremkoni, nyuma yake kuna uwanja ninapoiegesha trekta. Nilimwona akipanda na fimbo, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, macho yake yameingia ukungu. Nikamkimbilia, nikamkaribisha, nikampa chai haraka kabla hajanisema. Akaniambia binti yake anamchukua kwenda kuishi kijijini upande wa Masaka, macho hayafai tena, gereji ameacha. Kisha akatoa ule mkebe, ndani yake ile ringi.

"Nyabo, nataka kuirudisha."

Nilidhani uzee umempanda kichwani. Nikamweleza kwa adabu kwamba ringi ni mbovu, trekta ni nzima, mvua imefika, plau imeshafungwa na watu wa Wakiso wananingoja kesho asubuhi. Akasema anajua. Akasema siku ile alibadilisha vitu viwili kwa pamoja kwa sababu ya lile lori, na tangu siku hiyo hajui kilichoiponya plau yangu. Kila aliposikia ikisifiwa alijisikia kama mtu wa bahati.

"Mzee wangu, inafanya kazi," nilimwambia. "Iache. Nikiiharibu leo nitakula nini?"

Akanywa chai yote. Halafu akasema, bila hasira, "Ugonjwa utarudi. Trekta ni mzee, lazima utarudi. Mimi hapana kuwa hapa. Utaanza wapi?"

Nilikuwa na hofu, hofu ileile ya siku ya lori, kwamba yule mtu akienda Masaka nimebaki peke yangu na chuma nisichokielewa, na shemeji wengine wapo. Nikachukua spana. Nilimwekea kiti karibu na tairi, nikafungua kibati mwenyewe, nikalitoa lile bomba, nikaivua ringi mpya na kuivisha ya zamani, iliyokwisha kauka kwa kukaa mkebeni. Yeye aliipapasa kuhakikisha nimeivalisha sawa, kisha akasema niwashe. Nikawasha. Nikainua kiwiko cha plau.

"Imepanda?" akauliza.

"Imepanda."

"Yote?"

"Yote, mzee. Imekaa."

Akaniambia niishushe, niipandishe tena. Nikafanya. Akaniambia nipande mimi juu ya plau niongeze uzito, na jirani aliyekuwa akianika nguo akaombwa aje ashike kiwiko. Plau ikanipandisha hewani, nikakaa huko juu nimeshika chuma, miguu inaning'inia. Haikutetemeka.

Fundi akaupapasa ule mkebe mtupu. "Basi hapana ringi," akasema. "Ilikuwa ugonjwa moja tu: klachi ya PTO ikiteleza, pampu nayo hapana kuzunguka. Ni bolti. Ni wewe."

Nikamkatalia. Nilimwambia yeye ndiye aliyenituma kule chini, yeye aliyekata bati la kupimia, mimi nilikuwa mkono tu. Akatikisa kichwa.

"Nilikutuma chini usimsikie shemeji yako. Ulikuwa unataka kulia mbele ya watu. Nilisema moyoni, huyu akishachoka huko nitaingia mwenyewe kufanya kazi vizuri. Plau ikapanda, sikuingia. Mpaka leo hapana mkono mwingine ameingia hapo."

Nililia basi, kule juu ya plau, mbele ya jirani na nguo zake. Jirani akaishusha taratibu. Fundi aliulizia kama chai imebaki. Nilirudisha ringi mpya, nikafunga kibati, nikajaribu tena, naye akanisikiliza mpaka bolti ya mwisho, kisha nikamsindikiza kwa miguu hadi mjini, alipokuwa akingojwa na binti yake, kwa kuwa alikataa kupanda boda.

Asubuhi nilikuwa Wakiso, udongo umelowa vizuri. Mwenye shamba alikuwa amesikia kwamba Fundi anaondoka mjini, akaniuliza kwa wasiwasi ni nani sasa atakayeitengeneza trekta hii ikiharibika katikati ya shamba lake. Nikashusha plau. Nikamwambia, mimi.